Sindano Yangu na Mabibi Harusi wa Ireland

Furaha na Mwanaidi,

Mliponiaga Ijumaa iliyopita, kwa keki na maneno mazuri kuliko ninavyostahili, mlinitaka niandike niliyoyaona katika chumba chetu cha kushonea. Basi nimekaa na kalamu. Sitawachosha kwa habari za vyeo, maana sikupata hata kimoja: kwa miaka mingi dukani tulikuwa wawili, mmoja mwenye duka, wa pili mimi. Mshahara nao ni siri ya mtu na bwana wake. Nitaandika ya sindano tu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Kingsbury, hapa London, na mume wangu na watoto, na nilikuwa nimechoka kufagia maofisi ya watu. Jirani akaniambia kuna mama wa Kiairishi kule Kilburn, jina lake Nora, ana duka la magauni ya harusi juu ya bucha, na anatafuta mkono. Nikatia kwenye mfuko kofia moja ya viua, ile ya matundu madogo ya sindano, niliyomshonea mume wangu, kazi niliyofundishwa na mama yangu Unguja, nikapanda basi. Nora alikuwa mwanamke mfupi, nywele zimekuwa nyeupe, miwani mbili: moja machoni, moja kichwani. Hakuniuliza cheti. Aliichukua ile kofia, akaigeuza ndani nje, akautazama upande wa ndani kwa muda mrefu, kisha akanionyesha kiti. Mpaka leo mtu akija kuomba kazi, msitazame upande wa nje. Kila mtu anajua kupendeza nje.

Siku hiyohiyo akanipa gauni la hariri nyeupe nilipige bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kitambaa kabla ya kukishona kwa cherehani. Nikachagua uzi wa kijani. Kijani huonekana vizuri juu ya cheupe, hivyo kukichomoa baadaye ni rahisi. Na zaidi, kwetu kijani ni rangi ya baraka, rangi ya kuba na ya kitambaa cha maulidi. Nilidhani namfanyia hisani bi harusi nisiyemjua. Nora aliporudi na chai nusura aimwage.

"Ondoa! Ondoa yote! Kijani kwenye gauni la harusi?"

"Kina nini?"

"Ni rangi yao." Akashusha sauti, akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila basi lililosimama kituoni. "Wale watu wema. Wanawapenda mabibi harusi wazuri. Wakiona rangi yao, wanakuja kuchukua chao."

Nikafikiri kidogo. "Kumbe majini!"

"Usiwataje!" akasema Nora, akapiga ishara ya msalaba.

Hapo nilijua kwamba nimefika nyumbani. Bibi yangu naye hakuwa akiwataja, alikuwa akisema "wenyewe", na akimwaga maji ya moto uani husema kwanza, tupisheni. Tulikaa alasiri nzima, mimi na Nora, tukichomoa uzi wa kijani kwa kibano, unywele kwa unywele, na tulipomaliza tulikuwa tumeshapatana. Toka siku ile bandi yangu ni ya uzi wa buluu. Buluu ni rangi ya Bikira Maria, na mabibi harusi wa zamani kule kwao walivaa buluu kabla ya hii nyeupe kuja. Basi nanyi msiulize tena kwa nini makopo ya uzi wa kijani yako juu kabisa ya kabati.

Nora alikuwa na daftari la vipimo, na kila ukurasa alikuwa ameupiga mstari katikati. Kulia aliandika kifua, kiuno, nyonga, urefu. Kushoto aliandika mila. Mteja mmoja hataki lulu kwa sababu ni machozi, mwingine anataka mshono mmoja uachwe wazi mpaka asubuhi ya harusi, ushonwe akiwa amelivaa. "Mila ni kipimo kama kiuno," alikuwa akiniambia. "Hukibishi. Unakiandika." Nimefanya kazi na watu waliosoma vyuo vikubwa vya mitindo, na hakuna aliyenipa neno lenye faida kuliko hilo.

Mila nyingine zilitutia kazini kwelikweli. Bi harusi wa Kiairishi akicheza hatakiwi kuinua miguu yote miwili kwa pamoja, mguu mmoja lazima ubaki chini, ama wale watu watamnyakua. Sasa mtu anayecheza ngoma zao, na zina kasi hizo, huku anakumbuka mguu wa chini, akikanyaga pindo la gauni ataanguka kifudifudi mbele ya mkwe. Kwa hiyo pindo letu la mbele likawa fupi kwa kidole kimoja kuliko maduka mengine. Wateja walidhani ni mtindo.

Halafu kioo. Bi harusi asijione kwenye kioo akiwa amekamilika kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo wakija kujaribu gauni walivua kiatu kimoja. Mimi mgeni nikapima pindo la mwanamke aliyesimama na kiatu mguu mmoja, na gauni likatoka limeinama kama meza mbovu. Nora akacheka mpaka miwani ya kichwani ikaanguka. Ndipo akanionyesha kile kigogo cha mbao kilicho chini ya meza, chenye urefu wa kisigino, cha kuweka chini ya mguu mtupu. Kigogo kile mnakitumia kuzuia mlango. Nawaomba mkirudishe kazini.

Kosa langu kubwa kuliko yote lilihusu kiatu cha farasi. Wao huamini kile chuma huleta heri, lakini mdomo wake lazima uangalie juu, ukiangalia chini heri yote inamwagika. Tulikuwa tukikishona cha kitambaa, kidogo kama ukucha wa dole gumba, ndani ya pindo. Sasa fundi anaposhona pindo, gauni liko mezani juu chini. Nikakishona vizuri, mdomo juu, nikajisifu. Gauni liliposimama, mdomo ukawa chini. Mama wa bi harusi aligundua mlangoni mwa kanisa. Nikaitwa kwa simu, nikaenda mbio na sindano mdomoni, nikapiga magoti kwenye ngazi za kanisa na mtandio wangu, nikachomoa na kushona upya huku padri akiniruka kwa adabu na wageni wakiniombea. Mume wangu aliposikia alisema, "Zuwena, wewe msikitini hujapata kupiga magoti kwa haraka namna hiyo."

Nyuzi na shanga nilinunua Kingsbury Road, kwa mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa. Alikuwa akiniona tu anauliza, "Leo nyeupe gani, Bi Zuwena?" maana nyeupe ziko saba, na mwenye kuwaambia kuwa ni moja hajawahi kushona harusi.

Sasa niwaambie habari ya bi harusi aliyeitwa Una, ambayo wewe Furaha uliiona nusu tu. Nusu ya pili sikukwambia, na utanisamehe, maana haikuwa yangu kuitoa. Leo imeshapoa, na Una na mama yake wote wawili wamenipa ruhusa.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili mwanzoni. Nora alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga, yuko kwake amelala, na duka ameniachia mimi. Wewe Furaha ulikuwa umeanza mwaka uleule, ukija kila siku kutoka Lewisham kwa treni mbili na basi. Una naye alitoka hukohuko Lewisham na mama yake. Walivuka London nzima kwa sababu mama hakuamini duka lisilojua mila. Nilipofungua mlango akanitazama toka mtandio mpaka viatu.

"Nora yuko wapi?"

Nikamwambia.

"Na wewe unajua nini kuhusu sisi?"

"Kigogo cha kisigino," nikamjibu, nikakiweka mbele yake. Akaketi. Mimi kwa desturi yetu nikamwita Mama Una, na hakuna aliyemwita hivyo maishani mwake, akapenda.

Harusi ilikuwa imepangwa Juni, mwezi wa heri. Nilimpima Una mwishoni mwa Machi, mama akichagua lesi na kutoa amri. Aliagiza na gauni lake mwenyewe, la rangi ya zambarau iliyofifia. Katikati ya Aprili Una akarudi peke yake kujaribu, na gauni likakataa kufunga. Nikapima tena. Kifua kilikuwa kimeongezeka inchi mbili. Futi ya kupimia haina adabu, inasema kila kitu. Sikutia neno, niliandika tu. Lakini Una aliiona kalamu yangu ikisita, akaanza kulia pale juu ya kigogo, kiatu kimoja mguuni.

Alinieleza yote. Mwisho wa Juni angekuwa na miezi mitano, na kanisa zima, na shangazi wote watakaokuja kutoka kwao, wangekuwa wakihesabu. Padri alikuwa na nafasi moja tu ya karibu, wiki ya pili ya Mei. Una akaikubali, akamwambia mama yake kwamba ni kwa ajili ya kazi ya mchumba, kwamba anapelekwa nje ya nchi. Tatizo ni Mei. Kwao Mei haiolewi. Aolewaye Mei huijutia siku hiyo, ndivyo wanavyosema, na dada mkubwa wa Mama Una aliolewa Mei, akafiwa na mume kabla ya mwaka kwisha.

"Mama amesema atalisimamia gauni, keki ataioka mwenyewe, lakini kanisani mwezi wa Mei hakanyagi," akasema Una. "Nikimwambia sababu, atakuja, lakini atakuja ameinamisha kichwa. Nisipomwambia, haji. Bi Zuwena, sitaki kuolewa bila mama yangu."

Nikamwahidi mambo mawili: gauni litaficha, na mimi nitanyamaza. Alipotoka tu, wewe Furaha ukainua kichwa toka kwenye cherehani, ukaniambia kwa Kiswahili cha kwenu.

"Dada Zuwena, ule binti iko na mimba."

"Hebu nyamaza we! Umejuaje?"

"Miye nimezaa watoto ine. Ninaona na macho, si na futi."

"Basi yafumbe macho yako, mama. Chumba cha kupimia ni chumba cha somo anayemfunda bi harusi. Linaloingia humu halitoki."

Na hukulitoa, nakushukuru mpaka leo. Kwa siku mbili tulilifumua gauni lote. Tulipandisha kiuno mpaka chini ya kifua, tukaacha hariri ianguke yenyewe bila kubana, na kitambaa cha ziada tukakikunja ndani ya mishono ya ubavuni, kidole kizima kila upande, kiachiliwe kwa kadiri siku zinavyokwenda. Bitana tukaikata kwa mshazari ili ivutike. Nawaandikia haya kwa urefu kwa sababu Una si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho, na fundi mzuri huacha nafasi bila kuulizwa.

Gauni lilikuwa rahisi. Mama ndiye alikuwa mzito. Alikuja siku moja asubuhi kujaribu gauni lake la zambarau, akasimama mbele ya kioo, akasema, "Limalize tu. Nitalivaa siku nyingine."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja, huku natafuta la kusema lisilovunja ahadi yangu. Nikaona nimwambie langu.

Nikamwambia kwamba na sisi tuna mwezi wetu mbaya. Ni Mfunguo Tano, Waarabu wanauita Safar. Bibi yangu katika mwezi ule hakusafiri, hakuhamia nyumba, na harusi ndiyo usiseme. Mimi niliolewa Mfunguo Tano. Mume wangu alikuwa anaondoka Unguja na hakukuwa na siku nyingine. Bibi, aliyenilea, aliyenisuka nywele kila Ijumaa, alifunga mlango wake akasema hatashuhudia nuksi ikimwingia mjukuu wake kwa macho yake. Nikaolewa nikiwa natazama mlangoni. Hakuja. Nikasafiri, na sikumwona tena.

"Na nuksi?" akauliza Mama Una.

"Nuksi haikuja pia. Mume wangu yuko nyumbani sasa hivi anaunguza wali. Wote wawili hawakuja, Mama Una. Nuksi sijaikumbuka hata siku moja. Bibi nimemkumbuka kila harusi niliyoishona katika chumba hiki."

Nikafuta macho kwa mtandio, nakiri. Sikuwa nimepanga kulia mbele ya mteja. Yeye alivua gauni, akavaa koti lake, akaondoka bila hata kuaga. Nikajua nimeharibu. Nilimpigia simu Nora, akasikiliza, akasema, "Zuwena, umempa mila yako. Mwache aipime."

Siku zikapita. Una akapiga simu mara mbili, anasema mama haongei, anaoka keki tu, anapiga unga kama umemkosea. Mimi nikawa nashona tu. Niliomba, na wewe Furaha ukaomba kwa namna yako, ukisema kama Mungu ni mmoja basi atapokea simu zote mbili.

Zikiwa zimebaki siku nne, mlango ukafunguliwa akaingia Mama Una peke yake. Wewe ulikuwa umetoka kununua zipu, ndiyo maana hii nusu hukuiona. Akaweka mezani kipande cha kitani cheupe, cha zamani, chenye lesi pembeni, laini kama ngozi ya kitunguu.

"Kimetoka kwa mama yangu," akasema. "Nataka leso ya mkononi. Unajua ninayoisema?"

Nilikuwa naijua. Si leso ya kujitanda, ni ile ndogo ya kufutia machozi. Kwa mila yao bi harusi huishika siku ya ndoa, na mtoto wa kwanza akizaliwa, leso hiyohiyo hukunjwa, hupigwa mishono michache, ikawa kofia ya kubatizwa. Mtoto akikua na kuoa au kuolewa, mishono hukatwa, ikarudi leso. Nikamwambia ni kazi ya siku moja.

"Nataka na mikunjo ya kofia uiweke tayari," akasema. "Ipigwe pasi, matundu ya utepe yatobolewe sasa hivi, isionekane kwa nje. Ili baadaye isichukue zaidi ya mishono mitatu."

"Kwani kuna haraka?" nikauliza, na nilijuta neno kabla halijaisha kutoka.

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa hesabu yangu ni mwanzoni mwa Novemba."

Nikawa nimeshika kitani, sijui nikiweke wapi. Nilikuwa nimeahidi kunyamaza, kwa hiyo nikanyamaza, lakini uso wangu haukuahidi kitu.

"Nimezaa watano, Bi Zuwena. Unadhani mimi nahitaji futi? Nilijua kabla yako. Nilikuwa nangoja aniambie, na alipokuja na uongo wa kazi ya nje nikakasirika, nikashikilia Mei ili aseme kweli. Hakusema. Mkaidi kama mimi." Akavuta kiti, akaketi kwa mara ya kwanza bila kuombwa. "Mei naiogopa kwelikweli, usifikiri naigiza. Dada yangu nilimzika mumewe mimi. Lakini umeniambia habari ya bibi yako, na usingizi umenikimbia. Nitakuja. Nitatia chumvi mfukoni ya kuzuia nuksi, nitamwombea, na nitakaa mbele kabisa."

"Nimwambie Una?"

"Mwambie nakuja. La pili usimwambie." Akafuta miwani kwa pindo la koti. "Mwache aingie kanisani kichwa juu, akidhani amenidanganya. Sina zawadi nyingine kubwa ya kumpa."

Niliishona leso ile kwa mkono, na mikunjo yake nikaificha ndani ya lesi, na kwa mara ya kwanza toka nianze kazi nilishona na machozi yananitoka kwa furaha, nikilazimika kuweka kitani mbali nisikiloweshe.

Siku ya harusi mvua ilinyesha asubuhi kisha ikaacha. Nilikwenda, kwa sababu siku zile makanisa ya mabibi harusi wangu nilikuwa nayajua kuliko padri. Mama Una alikuwa benchi la mbele, zambarau yake imemkaa, mkono mmoja mfukoni, nadhani ameishika ile chumvi. Ndoa ilipokwisha, mlangoni, watu wakirusha maua, Una akaniona, akaja akanikumbatia kwa nguvu, gauni limeanguka vizuri, hakuna aliyehesabu lolote. Alikuwa akilia na kucheka, anajifuta macho kwa kofia ya mwanawe.

"Bi Zuwena, umeniokoa," akaninong'oneza. "Amekuja. Na hajui kitu."

"Hajui kitu, mwanangu," nikamwambia.